Msiicheke jQuery, Ninyi Mnaochezea Visivyo Vyenu

Leo naandika kwa hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi kijana ninayefanya kazi naye alinicheka kwa kuitaja jQuery. Eti ni ya wazee. Siku hiyo hiyo nikakuta ameongeza fanksheni yake kwenye Array.prototype, mahali ambapo kila orodha kwenye ukurasa hurithi. Msimbo wa zamani ulikuwa ukijumlisha bei kwa kitanzi cha for...in. Kitanzi kikaokota na ile fanksheni, kikajaribu kuigeuza nambari. Mteja akafungua ankara, jumla: NaN!

Najua, for...in si ya orodha. Lakini kitanzi hicho hakikuwa kimemkosea mtu mpaka jamaa alipogusa kisicho chake.

John Resig alipoitoa jQuery mwaka 2006, Prototype ya Sam Stephenson ilikuwa tayari inatumika. Prototype ilipachika fanksheni zake ndani ya vitu vya lugha na vya kivinjari. jQuery ikakataa. Ukiita $, unapewa kifurushi: vipengele vya ukurasa vimo ndani, fanksheni ziko kwenye kifurushi. Nyingi hurudisha kifurushi hicho hicho, ndiyo maana $("p").addClass("habari").show() inaandikika kwa mstari mmoja. Hata jina $ ilikuwa tayari kumwachia mwingine, kwa jQuery.noConflict(). Hiyo ni adabu!

Na gharama ya kukosa adabu? MooTools ilipachika flatten yake kwenye orodha. Mwaka 2018, wasanifu wa JavaScript walipotaka kuleta flatten rasmi, ikaonekana kuna tovuti za zamani zitakazovunjika. Wakabadilisha jina, na leo sote tunaandika flat. Mpangaji amejenga ukuta, mwenye kiwanja akalazimika kuuzunguka.

Mtaniambia vivinjari vya leo vina querySelectorAll na fetch, jQuery ya nini? Sawa kabisa. Hata mimi sianzishi mradi mpya nayo. Lakini maktaba huzeeka, kanuni yake haizeeki: fungasha, usipachike.

Ukihitaji fanksheni, iandike pembeni kisha uipe orodha kama kigezo. Sisi tulirekebisha ile ankara hivyo, kwa mistari mitatu. Kumwomba mteja radhi ndiko kulichukua asubuhi nzima.

Mwenye kupinga, aje na msimbo wake tuusome.