KARATASI BADO, WAPENDWA (sehemu ya 4)

Jana kuna mdogo wangu wa kada kaniuliza inboksi: "Sista, mwongozo si umeshatumwa kwenye grupu la WhatsApp, kuuprinti wa nini tena?"

Mdogo wangu, kutumwa sio kusomwa. Norway, mwaka 2013, Anne Mangen na wenzake waliwapima wanafunzi 72. Waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi ya waliosoma kwenye kompyuta. Mwaka 2018 zikachambuliwa tafiti 54, watu zaidi ya 170,000. Karatasi tena. Hadithi hazikuleta tofauti, ila maandishi ya maelezo ndiyo, hasa msomaji akiwa anakimbizana na muda.

Sasa nani anakimbizana na muda kama nesi wa leba, mama kashikwa na kifafa cha mimba? Magnesiamu salfeti gramu 4 kwenye mshipa, 10 kwenye makalio, tano tano. Kabla ya kurudia: goti liruke ukiligonga, apumue si chini ya mara 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Masharti matatu, na ukiruka moja unaweza kumzimia mtu pumzi. Halafu uyasome kwenye kioo kilichopasuka, unasukuma kwa kidole, na meseji ya kikoba inaingia juu yake?

Simu siikatai. Kutafuta jina la dawa, inawahi. Lakini wakubwa mnaosema "tumeshashea", hapo Mbezi Mwisho steshenari zimejaa. Printini, laminisheni, bandikeni ukutani leba.