Kesi imefutwa, kipigo kimebaki

Msimu wa kahawa ukikaribia, sisi wa Muleba, Kagera, tunajua kitakachofuata. Mwanaume ameshaiuza kahawa ingali maua, ile biashara ya butura ambayo serikali imeipiga marufuku na haifi. Fedha imeishia kwenye pombe ya rubisi. Mke akiuliza ada ya mtoto italipwa na nini, anajibiwa kwa ngumi. Asubuhi anajikongoja hadi polisi, anapewa fomu ya matibabu, PF3, anatibiwa hospitali ya Rubya, jalada linafunguliwa Dawati la Jinsia na Watoto. Baada ya hapo anaanza kurudishwa nyuma.

Wazee wa ukoo wanakuja. Mama mkwe anakuja. "Mwanangu, ukimfunga, hawa watoto watakula nini?" Na yule asiye na haya anaongeza: "Kibanja, shamba hili la migomba na kahawa, ni cha ukoo. Wewe ulikuja na nini hapa?" Siku ya kesi, mwanamke yuleyule, jicho halijapona, anasimama na kusema wameelewana nyumbani, anaomba kesi iondolewe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kuhimiza mapatano katika shambulio la kawaida, naye ana majalada mengine mezani. Kesi inafutwa. Mume na mke wanarudi nyumbani kwenye bodaboda moja.

Msimlaumu mwanamke huyo. Amepiga hesabu zake vizuri kuliko sisi tunaomhubiria. Tumemwekea milango miwili tu. Mmoja ni jela, ambako mume ataingia na kutoka na hasira zilezile, huku mke akibaki na watoto, madeni na ukoo uliomgeuka. Wa pili ni mapatano, ambako mpigaji anatozwa faini kidogo, anaomba radhi mbele ya wazee, pombe inanywewa, na mwezi ujao anapiga tena. Mimi nadai mlango wa tatu.

Whitehorse, mji mdogo wa baridi kali katika eneo la Yukon, Kanada, ulifungua mlango huo mwaka 2000. Pale mwanaume aliyempiga mkewe anakiri kosa kwanza, mahakamani, hadharani. Adhabu inasubiri. Anaingia kwenye matibabu ya kuacha ukatili, na ya pombe kama pombe imo, na kila baada ya muda anarudi mahakamani huku ripoti ya wanaomtibu ikisomwa. Aliyejitahidi, juhudi yake inahesabiwa siku ya adhabu. Aliyekacha anaadhibiwa. Na muda wote huo kuna mtu ambaye kazi yake ni kumuuliza mke: mama, umelala salama?

Najua wapo watakaoidandia hoja hii kwa furaha isiyostahili. Mahakama hii ya tiba isije ikawa jina jipya la kikao cha wazee! Bila kukiri hakuna tiba. Aliyeshika panga, aliyemvunja mkewe mkono, aliyebaka, huyo ni wa jela, wala asituletee habari za ushauri nasaha. Namzungumzia mwanaume wa kofi la kwanza na la pili, ambaye leo tunamrudisha nyumbani bila lolote mpaka siku anapoua.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Maneno mazuri, ila kifungu hicho hakikutaja adhabu yoyote. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, wanawake 58 kati ya 100 walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja. Wanaume waliokubali walikuwa 40. Zisome tena takwimu hizo. Tumewafundisha binti zetu kuutetea mkono unaowapiga.

Wenzetu wameshaanza. Uganda ilitunga sheria ya ukatili wa majumbani mwaka 2010, Kenya 2015. Tanzania Bara bado haina sheria yake mahususi. Zanzibar ilianzisha mahakama maalumu ya makosa ya udhalilishaji mwaka 2021, na Kenya ikafungua ya kwake ya kwanza Shanzu, Mombasa, Machi 2022. Hizo kazi yake kubwa ni kuharakisha hukumu, na ni jambo jema. Na hata sisi tunao mfano wa kukusanya mashauri mahali pamoja, Temeke, Dar es Salaam: tangu 2021 kuna kituo jumuishi ambako mashauri ya ndoa, mirathi na familia yanasikilizwa chini ya paa moja, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Kwa nini mwanamke wa kisiwa cha Goziba, anayepanda mtumbwi kuifuata haki, azungushwe ofisi tano kwa shida moja?

Tena Kagera si mahali pa kusubiri Dar es Salaam itufikirie. Shauri la Holaria Pastory, aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, lilianzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, humuhumu Muleba. Kashasha walimnyima haki. Mahakama ya Wilaya ikampa, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, akasema mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo kama mwanaume. Anayeogopa kunyang'anywa kibanja hawezi kusema kweli mbele ya hakimu, ndiyo maana mahakama ninayoidai lazima iamue kipigo na kibanja katika chumba kimoja.

Mtasema hakuna fedha. Maafisa ustawi wa jamii wapo, ingawa wachache. Sheria ya Huduma kwa Jamii, ya adhabu za nje ya jela, ipo tangu 2002. Maafisa uangalizi wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakalisha meza moja.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, tupe chumba kimoja Bukoba na hakimu mmoja asiyehamishwa kila mwaka. Mara moja kwa wiki aje Muleba. Siku mwanamke akisimama na kusema wameelewana, hakimu huyo asifunge jalada. Amwambie mume: rudi hapa baada ya wiki mbili, nikuone.