Mwembe Haujipandi

Wiki iliyopita nilipanda daladala Ujiji kuelekea Mwanga, na redio ya dereva ilikuwa ikisifu utalii wa mkoa wetu wa Kigoma. Mtangazaji akafika kwenye Hifadhi ya Mahale. Akasema, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwamba lile ni pori ambalo binadamu hakuwahi kuishi mpaka wageni walipokuja kuwatazama sokwe. Hakuna abiria aliyeguna. Kijana aliyepakata kidumu cha mawese aliitikia kwa kichwa. Mimi niliteremka kabla ya kituo changu kwa hasira.

Uongo huu hakuutunga mtangazaji yule. Nimeusikia darasani, nimeusikia kwenye semina za mazingira, na nimeusikia hata kanisani, mhubiri akiitaja Gombe kuwa bustani iliyobaki vilevile tangu kabla Adamu hajaumbwa. Watu wa Kigoma, ambao bibi zao walizaliwa katika mabonde hayo, wakasema amina.

Tuanze na mwembe. Ndani ya Mahale kuna miembe, mipera na milimau. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti waliandika kwamba sokwe wa huko walikuwa wameanza kuyala matunda hayo, na wakaiita tabia mpya. Mwembe ni mti wa Asia. Ulivuka bahari, ukapandishwa bara na misafara, ukafika ziwani mikononi mwa watu. Mahale uliingiaje? Kuna mtu alikula embe, akaifukia kokwa uani kwake, akawakataza watoto wasiukanyage mche. Mtu huyo alikuwa na ua. Alikuwa na watoto, na alikuwa na jirani wa kugombana naye siku matunda yalipoiva. Kila anayesema Mahale hakukuwa na watu anieleze kwanza ni nani aliyepanda ile miti.

Walioishi humo ni Watongwe, na kando ya maji walikuwako pia Waholoholo. Walifyeka, wakalima mahindi na mihogo, kisha wakahama na kuliacha shamba lipumzike. Walivua, waliwinda, walirina asali. Vijiji vyao vilikuwa vidogo na vimetawanyika, nyumba chache bonde hili na nyingine chache bonde la pili, na mpita njia aliyezoea miji hakuviona kuwa vijiji. Katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, iliwakuta huko milimani ikawateremsha. Mwaka 1985 Mahale ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba 1,613. Kati ya kuondoka kwa watu na kutangazwa kwa hifadhi ilipita miaka kama kumi, na miaka kumi ya mvua za Mahale inatosha kulifunika shamba, kuangusha ukuta wa udongo na kuficha njia. Mgeni aliyeingia baada ya hapo aliona msitu tu. Akauita wa kale na wajao wakarudia neno lake, ingawa sehemu ya msitu huo ina umri mdogo kuliko wajukuu wa waliolima pale.

Mzee mmoja wa vijiji vya upande wa Katumbi, nilipomwamkia na kumuuliza, aliniambia, "Mwanangu, baba yangu amelala kule ndani." Anaujua mkondo wa maji wa kufuata, na analijua hata jiwe lililowekwa kichwani pa kaburi. Watoto wake hawalijui. Akifa yeye, kaburi lile litakuwa jiwe kama mawe mengine.

Vipeperushi vya utalii vyenyewe vinajisuta. Vinamwalika mgeni apande Nkungwe, kilele cha Mahale chenye mita zaidi ya 2,400, na vinaongeza kwa fahari kwamba mlima huo ni mtakatifu kwa Watongwe. Mtakatifu kwa watu gani, kama watu hawakuwako? Mlima hautakaswi na sokwe. Na majina haya ya mahali humo Mahale, Kasoje, Kasiha, Kansyana, yaliyojaa katika vitabu vya sayansi duniani kote, nani aliyatoa?

Sayansi yenyewe imesimama juu ya mabega ya watu hao. Mwaka 1965 Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alipofika Kasoje hakukuta nchi tupu. Alikuta wenyeji waliomwonyesha njia, naye akawavuta sokwe kwa miwa na ndizi. Kisha chukua habari ya mwaka 1987. Sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku alikuwa mgonjwa, amelegea, halisogelei kundi lake. Akakata tawi la mti mchungu, ule ambao Watongwe huuita mjonso, akalimenya, akatafuna moyo wake na kunyonya maji yake. Kesho yake alikuwa na nafuu. Michael Huffman, mtafiti aliyekuwa pale, hakuwa peke yake. Alikuwa na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mtumishi wa hifadhi na mganga wa tiba za asili, aliyejua kwamba mti huo kwao ni dawa ya tumbo na homa. Mwaka 1989 waliandika pamoja, na dunia ikashangaa kwamba mnyama anajitibu.

Kwa Kalunde haikuwa ajabu. Babu yake, aliyekuwa mganga pia, alimwona nungunungu mgonjwa akifukua na kula mizizi ya mulengelele. Alipoona mnyama amepona, akaitumia mizizi hiyo kuwatibu wanakijiji waliokuwa wakiteketea kwa ugonjwa wa kuhara. Alijifunza kwa kuwatazama wanyama, katika msitu uleule, vizazi viwili kabla ya kamera na daftari za Ulaya, Marekani na Japani. Huyo ndiye mtu tunayeambiwa hakuwahi kuwako.

Linaloniuma zaidi ni mahali kumbukumbu zilipo. Mwaka 1981 Nishida na mwenzake Uehara walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Kabla yao Makoto Kakeya alikaa na Watongwe, akaandika jinsi wanavyolima, wanavyokula na wanavyoganga, na yeye mwenyewe akafunzwa uganga wao. Kazi hizo zilichapishwa Kyoto. Mjukuu wa Mtongwe anayesoma sekondari Buhingu leo, akitaka kujua bibi yake aliuitaje mti ulio mlangoni, njia iliyonyooka ni jarida la Japani lililoandikwa kwa Kiingereza. Siwalaumu Wajapani, wao walifanya kazi. Sisi tulikuwa wapi?

Gombe ni hivyohivyo. Ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943 na Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliposhuka ufukweni Julai 1960, mama yake, Vanne, alifungua zahanati ndogo akawatibu wavuvi. Vanne hakuwa daktari wa sokwe. Miongoni mwa waliomtembeza Jane milimani siku za mwanzo ni Rashidi Kikwale. Mwaka 1974, kundi moja la sokwe lilipomvamia na kumpiga sokwe Godi mpaka akawa mahututi, tukio lililobadilisha fikra za dunia kuhusu sokwe, aliyeshuhudia na kutoa taarifa ni Hilali Matama. Muulize mwanafunzi yeyote wa Kigoma Hilali Matama ni nani.

Lakini tarehe 10 Novemba 1871, siku Stanley alipokutana na Livingstone Ujiji, anaijua. Tumemkaririsha kwamba Burton na Speke "waligundua" ziwa mwaka 1858, ilhali walipofika Ujiji walikuta soko, mitumbwi na watu waliowauzia samaki. Hata pale kwenye mnara wa Livingstone kinachosimuliwa ni Wazungu wawili kupeana mikono. Abdullah Susi, aliyekimbia kumpokea Stanley siku ile, na ambaye baadaye pamoja na Chuma na wenzao waliibeba maiti ya Livingstone kutoka kwa Chitambo mpaka pwani, anatajwa kwa kupita tu. Mji wa biashara, wa mawese, chumvi ya Uvinza, pembe na watumwa, umegeuzwa uwanja wa salamu moja.

Nimewahi kuambiwa, na mtu mwenye shahada, kwamba habari za vijiji vya Mahale zikiandikwa watu watadai kurudi. Hiyo ndiyo hoja! Mzee anayetembelea mkongojo afunge virago, apande boti usiku kucha, akafyeke msitu Kasoje kwa sababu jina la kijiji chake limechapishwa kitabuni? Hakuna ninayemfahamu anayetaka hifadhi ifutwe. Wanataka wazazi wao watajwe. Mwingine akasema watalii wanataka sokwe, hawataki habari za watu. Mtalii huyohuyo akivuka Zanzibar hulipa aone magofu na asikilize habari za waliokaa humo, kwa hiyo masikio anayo.

Muda ndio hatuna. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Operesheni Vijiji sasa amepita 70. Waliokuwa wenye nyumba, wenye shamba na ukoo wa kusimulia, wengi wao tumekwisha kuwazika. Hatutapata kizazi kingine kilicholala ndani ya Mahale.

Kwa hiyo wewe mwenye babu au bibi aliyezaliwa Kasoje au Kasiha, usingoje mradi. Nenda na simu yako, mwamkie, kaa chini, mrekodi. Muulize mabonde yaliitwaje, nani alizikwa wapi, dawa gani ilichimbwa mlima gani. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, iwachukue wazee wachache wanaoweza bado kupanda boti, waonyeshe makaburi yalipo na yawekewe alama. Makumbusho ya Taifa iombe Kyoto nakala za maandishi yote, yatafsiriwe. Na Halmashauri ya Wilaya ya Uvinza itenge chumba kimoja Buhingu, kumbukumbu hizo ziwekwe humo kwa Kiswahili na kwa Kitongwe, na mlango wake uwe wazi kwa watoto wa shule.