Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

YAH: KUTAMBULIWA MAPEMA KWA UGONJWA WA MOYO UNAORITHIWA

Mheshimiwa Waziri,

Barua hii kutoka Tarakea, wilayani Rombo, inahusu wazee wanaovimba miguu na kuishiwa pumzi wapandapo kilima cha kwenda shambani, ambao aghalabu huandikiwa dawa za presha kwa kuwa shinikizo la damu ndilo chanzo kikuu cha moyo kushindwa kufanya kazi nchini.

Miongoni mwao aweza kuwapo mwenye amiloidosisi ya transithiretini, yaani ugonjwa ambao protini itengenezwayo na ini, ambayo husafirisha vitamini A na homoni ya tezi ya shingo, huharibika umbo na kujirundika katika misuli ya moyo hadi ikakakamaa. Ugonjwa huu hutokea pia bila kurithiwa, lakini badiliko la kijeni linaloweza kuusababisha, liitwalo V122I, lenye asili ya Afrika Magharibi, hubebwa na Wamarekani Weusi 3 hadi 4 katika kila 100. Aghalabu dalili huonekana baada ya miaka 60, na kila mtoto wa mbebaji ana nafasi 1 kati ya 2 ya kulirithi.

Mara nyingi moyo hutanguliwa na mikono: miaka kadhaa kabla ya pumzi kupungua, viganja vyote viwili hufa ganzi, vidole visihisi tena tunda la kahawa vinalolichuma. Baadaye dawa za presha humletea mgonjwa kizunguzungu anaposimama, na kipimo cha eko huonyesha kuta nene za moyo ilhali kipimo cha umeme wa moyo huweza kuonyesha mawimbi madogo, kinyume cha yale makubwa yanayotarajiwa katika moyo ulionenepeshwa na presha.

Kwa Wachaga wa huku Rombo, ambao huwazika wafu wao kihambani, yaani katika shamba la ukoo, na hukutana nyumbani kila Desemba, historia ya ukoo haiko mbali. Inahitaji mganga wa kuiuliza.

Kwa hiyo Wizara inaombwa kuziingiza dalili hizi katika mwongozo wa taifa wa matibabu, kuweka njia ya rufaa kutoka zahanati hadi hospitali ya KCMC mjini Moshi na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na kuanza mazungumzo kuhusu bei ya tafamidis, dawa ya kupunguza kasi ya ugonjwa huu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Dawa hiyo hufaa zaidi ikianzwa mapema, wala hairudishi uhai wa moyo uliokwisha kukakamaa. Ndiyo maana mzee mwenye ganzi mikononi anastahili kuulizwa leo habari za moyo wake na za ukoo wake.