Ukumbi wa Umma Si Hisani ya Mtu

Vijana wenzangu, mgeni akija kwetu Juani hupelekwa Kua kuona magofu. Leo nataka tuangalie kuta ambazo bado zimesimama: ukumbi wa Arnautoglu, wenyewe tunaita Anatoglo, pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Una jina la mfadhili wake, Mgiriki George Arnautoglu, na ulikuwa ukumbi wa jamii enzi za Mwingereza. Watu walicheza dansi humo. Na humo humo, Aprili 1953, Nyerere alichaguliwa rais wa TAA. Mwaka uliofuata TANU ikazaliwa.

Yaani chini ya mkoloni ukumbi mmoja ulibeba muziki na siasa! Leo kijana wa singeli anaitwa mhuni, wa upinzani anaitwa mchochezi, na wote wawili hujibiwa "ukumbi umeshachukuliwa". Na nani? Katiba, Ibara ya 18, inalinda maoni. Ya 20 inalinda kukusanyika. Lakini haki gani hiyo kama ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja?

Halmashauri zibandike hadharani ada na ratiba ya kumbi zake. Aliyetangulia kuomba apewe, awe wa singeli, wa taarabu au wa chama chochote.