Lubumbashi: Waya una mpaka wake, lakini nani akatiwe umeme ni uamuzi wa watu

Kila umeme ukikatika Katuba au Ruashi, jibu ni lile lile: Inga haitoshi. Wanasiasa nao huongeza ahadi yao, kwamba Inga 3 ikijengwa Katanga yote itawaka. Mama aliyepeleka mahindi kwenye mashini ya kusaga na kurudi bila unga wa bukari anaitikia kwa kichwa, anaendelea kungoja. Jibu hilo ni nusu ya ukweli tu.

Inga 1 ilianza mwaka 1972 ikiwa na uwezo wa megawati 351. Inga 2 ikafuata mwaka 1982, megawati 1,424. Kutoka huko mpaka Kolwezi ni kilometa karibu 1,700, na umeme unapita katika njia moja ya volti 500,000 iliyomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vifaa vyake vya kwanza vilipangiwa megawati 560. Hata mto Kongo wote ukigeuzwa umeme kesho, Kolwezi itapokea tu kile ambacho njia hiyo inaweza kubeba.

Mpaka huo si uongo. Umeme wa kawaida, ule unaogeuka mara 50 kila sekunde, hauvumilii safari ndefu namna hiyo. Mashine za Inga na za Katanga zingepaswa kwenda pamoja kama wapiga kasia wa mtumbwi mmoja. Njia ikirefuka na mzigo ukizidi, wengine wanachelewa, mdundo unavunjika. Ndiyo sababu wahandisi walichagua mkondo mnyoofu: umeme unabadilishwa Inga, kisha unarudishwa kuwa wa kawaida Kolwezi. Wakaaji wa vijiji vya Kasai ndio waliolipa uchaguzi huo. Nyaya zinapita juu ya vichwa vyao zaidi ya miaka 40 nao wamebaki gizani, kwani kuchota umeme wa aina hiyo njiani kunadai kituo cha bei kali. Wapo pia wanaosema tangu zamani kwamba Mobutu alitaka swichi ya Katanga ibaki magharibi. Hilo tuwaachie wanahistoria.

Njia hiyo ikipata hitilafu, mamia ya megawati yanaweza kupotea kusini kwa nukta moja. Nzilo, Nseke na mitambo ya mto Lufira haiwezi kuziba pengo papo hapo. Umeme unavutwa kutoka Zambia, na njia ya Zambia nayo ina mpaka wake. Ikizidiwa inajifungua yenyewe, na mtandao wa kusini unaweza kuanguka wote. Wakati huo kukata baadhi ya wateja ni lazima. Fundi anayekata haraka ameokoa mji, asitukanwe.

Lakini fizikia inasema megawati ngapi zikatwe. Haisemi zikatwe Katuba. Kwa mtandao, megawati kumi za mitaa na megawati kumi za mgodi ni mzigo ule ule. Anayechagua ni mtu, mwenye ofisi na mikataba mezani.

Wanaotetea migodi watasema inalipa kwa dola, na kwamba inagharimia matengenezo. Ni kweli: Kamoa iligharimia ukarabati wa turbini ya 5 ya Inga 2, megawati 178. Hata hivyo mgodi huo huo ulilazimika kuwasha jenereta za mazuti kwa sababu mtandao wa kusini haukutulia. Kumbe turbini mpya peke yake haiponyi njia iliyobanwa. Na mgodi una jenereta. Mama wa Ruashi ana makala, ambayo bei yake inapanda kila umeme unapokosekana.

Sheria ya umeme ya Juni 2014 ipo, na mamlaka ya kusimamia sekta hiyo ipo. Basi wakaaji waambiwe kila siku njia ya Inga–Kolwezi imebeba kiasi gani, mpaka wake wa siku hiyo ni upi, na delestaji imemwangukia nani: komini gani, mgodi gani, saa ngapi. Zamu itangazwe mapema, na migodi iingizwe ndani ya zamu hiyo. Kazi hiyo haidai mabwawa mapya wala mkopo wa Benki ya Dunia. Inadai karatasi moja na redio. Kwa sasa, mwenye mashini ya kusaga anajua kuna delestaji pale mashini inaponyamaza, mahindi yakiwa bado ndani.