Ripoti ya Maktaba Isiyotaja Kitabu

Desemba imefika na maktaba yetu imetoa ripoti yake ya mwaka. Ina kurasa nne, picha za rangi na salamu za sikukuu. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nikitafuta kitu kimoja tu: jina la kitabu. Halimo. Yamo majina ya wageni waliotutembelea, idadi ya kompyuta tulizopokea, idadi ya viti vilivyoongezwa na idadi ya watu waliopita mlangoni. Lakini kitabu? Hata kimoja.

Mimi ni mkutubi katika chuo kikuu kidogo cha umma. Sitakitaja, na wala si lazima, kwa kuwa wenzangu wa vyuo vingine wakisoma haya watadhani nazungumzia chuo chao. Ninachotaka kusema ni kifupi. Ripoti ya mwaka ya maktaba ya chuo kikuu ianze na orodha ya vitabu ambavyo wasomaji waliviomba wakavikosa. Picha na salamu zitafuata baadaye, kama nafasi itabaki.

Chukua hiyo hesabu ya mlangoni ambayo wakubwa wanaipenda sana. Mashine inamhesabu anayekuja kusoma, anayekuja kuchaji simu, anayefuata waifai na aliyesahau mwavuli akaurudia. Simlaumu anayechaji simu. Hali ya umeme hosteli naijua. Mwaka huu hesabu ilishuka, na ripoti inaeleza kwamba sababu ni mgomo wa wahadhiri uliochukua siku 49 kati ya Septemba na Novemba. Sawa, hilo ni kweli, tulikaa na viti vitupu. Lakini hesabu ilipopanda mwaka uliotangulia tulijipigia makofi, na hakuna aliyeuliza hao walioingia waliondoka na nini. Mwenye duka anayehesabu wanaoingia bila kujali wanaotoka mikono mitupu, hilo si duka, ni barabara ya kupitia.

Kuna njia rahisi ya kujua. Kwa miaka mitatu sasa ninaweka daftari pale kaunta, daftari la kawaida la mistari. Msomaji akikosa kitabu, naandika tarehe, jina la kitabu na kozi anayosomea. Jina lake siandiki. Daftari hilo linasema mengi kuliko zile kurasa nne.

Linasema, kwa mfano, kwamba wanafunzi wa Kiswahili wameulizia mara kwa mara Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, na hatuna. Wameulizia Walenisi ya Katama Mkangi, na hatuna. Wameulizia Sauti ya Dhiki, mashairi ambayo Abdilatif Abdalla aliyatunga akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, na nakala yetu moja ilitoka ikapotea. Hivi si vitabu vya ajabu. Vimo katika miongozo ya kozi ambayo wahadhiri wetu huwapa wanafunzi wiki ya kwanza ya muhula.

Mwingine alikuja na swali jepesi tu: “Madam, mna Peponi?” Abdulrazak Gurnah alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kutoka Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Sisi tuna Paradise. Ile ya Kiingereza. Mwanafunzi wa tafsiri aliyetaka kuzilinganisha hizo mbili aliondoka na nusu ya kazi yake.

Ukiingia kwenye rafu ya Kiswahili hutaikuta tupu, usidanganyike. Imejaa Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha, nakala juu ya nakala. Vitabu vizuri, sina ugomvi navyo wala na waandishi wake. Lakini ni vitabu teule vya sekondari, na viko pale kwa sababu muuzaji aliyeshinda zabuni ndivyo alivyokuwa navyo ghalani. Tulimpa orodha yetu, akaleta alichokuwa nacho, idadi ikatimia, stakabadhi ikatiwa sahihi. Katika ripoti ya mwaka ununuzi huo umeandikwa kuwa mafanikio: vitabu vya Kiswahili vimeongezeka. Vimeongezeka kweli. Wa mwaka wa tatu anayeandika juu ya riwaya ya kimajaribio afanye nini navyo?

Wengine wakibanwa hapa hukimbilia siasa za rafu. Ati tatizo ni mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani ambao vyuo vingi vinautumia, ambamo fasihi ya Kiingereza ina herufi zake, PR, na ya Marekani ina zake, PS, huku Kiswahili kikibanwa ndani ya PL pamoja na Kichina, Kijapani na lugha nyingine za Afrika, kuanzia namba 8701 hadi 8704. Hoja ina uzito, na ningeijadili siku nzima. Lakini tusimtwike mtu wa Washington mzigo wetu. Yeye ametupa namba nne. Kuzijaza ni kazi yetu.

Halafu kuna misaada. Kila baada ya muda kontena huja, picha hupigwa, na jumla ya vitabu hupanda kwa siku moja kuliko ilivyopanda mwaka mzima. Mimi ndiye ninayefungua maboksi. Nimetoa humo miongozo ya Windows 98 na vitabu vya sheria ya kodi ya majimbo ya Marekani. Vyote vikahesabiwa. Vyote vinakula nafasi ya rafu. Anayetoa zawadi hana kosa kubwa. Hakuna aliyemwambia tunachohitaji, kwa sababu hakuna aliyeandika tunachohitaji.

Najua jibu linalokuja: pesa hakuna. Hilo silikatai. Vyuo vikuu vya umma vina madeni ambayo hata magazeti yamechoka kuyahesabu, na mfumo mpya wa ufadhili ulioletwa 2023 haujatuliza mtu. Lakini orodha ninayoidai haihitaji bajeti. Na wakati mwingine orodha ndiyo inayokuonyesha kisichohitaji pesa. Kupitia daftari langu niligundua kwamba wengi hawakuwa wakitafuta vitabu, bali makala za majarida ya Kiswahili. Jarida la Kiswahili na lile la Mulika, yote ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yanasomeka mtandaoni. Swahili Forum, linalotoka Leipzig, Ujerumani, linasomeka bure. Kilichokosekana ni mtu wa kuweka viungo vitatu kwenye katalogi yetu. Ripoti yetu inajivunia maelfu ya majarida ya kielektroniki tunayolipia pamoja na vyuo vingine. Haya ya bure, yaliyo katika lugha ya taifa, hayakuwa yametajwa popote.

Hata programu tunayoitumia, Koha, iliyoanzia New Zealand na isiyouzwa, ina sehemu ambapo msomaji anaweza kupendekeza kitabu kinunuliwe. Kwetu sehemu hiyo haijawahi kufunguliwa. Nilipouliza, nikaambiwa itatuletea maombi mengi. Sasa hapo ndipo nilipokaa kimya nikatafakari. Maktaba inaogopa maombi ya wasomaji!

Jibu la pili ni la aibu. Mkubwa mmoja aliniambia, “Ukichapisha orodha ya tusivyo navyo, wakaguzi wa ithibati wakiiona tutasema nini?” Tutasema ukweli. Mficha uchi hazai. Mkaguzi anayeambiwa kila kitu ni shwari hana sababu ya kuandika kwamba tuongezewe fedha. Na chuo kinachoficha njaa ya wasomaji wake kinawaachia wasomaji hao peke yao kazi ya kutafuta chakula.

Nao wanaitafuta, tena kwa gharama. Nenda nje ya geti, kwenye vibanda vya fotokopi. Utakuta riwaya nzima imetolewa kopi kutoka kwa kopi ya kopi, maneno ya ukingoni yamemezwa, kurasa mbili zimerukwa. Wengi wananunua sura moja tu, ile ambayo mhadhiri amesema itatahiniwa. Huyu ndiye kesho anapewa darasa la Kidato cha Tatu akafundishe fasihi. Atawaambia wanafunzi wapende kusoma riwaya, ilhali katika miaka minne ya chuo hajashika riwaya moja nzima yenye jalada. Hapo ndipo hasara ilipo, na haitaonekana kwenye mashine ya mlangoni.

Ukurasa wa tatu wa ripoti una picha ya Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Leso za kupendeza, ngoma, keki yenye rangi za bendera. Nyuma ya keki inaonekana rafu yetu ya PL. Mwenye macho atasoma migongo ya vitabu: kitabu teule, kitabu teule, kamusi, kitabu teule.

Kila aliyesomea kazi hii alifundishwa kanuni tano ambazo S. R. Ranganathan, mkutubi wa Madras, India, alizichapisha mwaka 1931. Ya pili inataka kila msomaji apate kitabu chake. Haisemi kila msomaji apate kiti. Tuliijibu kwenye mtihani tukapata alama, kisha tukaajiriwa tukaanza kuhesabu viti.

Kwa hiyo nadai mambo machache. Ripoti ya mwaka ujao ichapishe vitabu vilivyoombwa vikakosekana, kwa majina, na mbele ya kila jina iandikwe kama kimenunuliwa, kimeagizwa au kimeachwa, na kwa nini. Orodha hiyo hiyo apewe muuzaji wa zabuni, na apewe kila mfadhili kabla hajapakia kontena. Wahadhiri nao, ndugu zangu, msiweke kitabu kwenye mwongozo wa kozi kabla ya kupita kaunta kuuliza kama kipo. Mkikikosa Agosti, tuna muda wa kukihangaikia. Mkituletea darasa zima wiki ya mtihani, tutapeana pole tu.

Nawe mwanafunzi, usiondoke kimyakimya ukielekea kwenye fotokopi. Sema unachotaka, na usimame hapo hadi kiandikwe. Januari tukifungua, muulize mkutubi wako daftari la waliokosa liko wapi. Akisema hana, mnunulie. Ni bei ya kopi chache.